Pua ya Fadhil

Asmaa alimfunga mumewe macho kwa leso, akakaza fundo kama anayefunga mzigo wa punda.

Nje barazani, babake, Bwana Mahmud, alikuwa ameketi na begi la bintiye miguuni. Alingoja neno moja tu: Asmaa anabaki, au anarudi kwao Matondoni.

Ugomvi ulianzia kwenye kanzu. Fadhil alifanya kazi katika nyumba ya wageni Shela na kurudi kwake Amu kila Alhamisi. Alhamisi hii kanzu yake ilikuwa na tundu dogo la cheche upindoni. Kuna mtu aliyeifukiza udi, na mtu huyo si Asmaa. Chetezo chake kilikuwa juu ya kabati, baridi, tangu ile homa ya mwezi wa Rajabu.

"Ni nani alokufukizia?"

"Labda ni kwa dobi, mke wangu. Ningejuaje? Tangu homa ile ilotupija sote, mimi sisikii harufu. Hata ningevishwa udi wa harusi nisingejua."

Fadhil hakuwahi kukosa maneno. Basi Asmaa akasema atampima, na Fadhil akakubali haraka.

Alianza na marashi ya waridi.

"Hapana kitu," alisema Fadhil.

Akafungua kichupa cha halud, manukato waliyopakwa siku ya harusi yao.

"Hapana kitu."

"Asmaa!" Bi Ummu, jirani, alipiga kelele dirishani. "Maziwa yako yaungua, mwanangu! Mtaa mzima wanuka!"

Asmaa alishtuka, akakimbilia jikoni kuyaepua. Hasira humsahaulisha mtu hata chungu kilicho hatua chache kutoka alipo.

Aliporudi alibeba bakuli la kitunguu kibichi alichokiponda papo hapo. Alilishika chini ya pua ya mumewe. Alimpenda mwanamume huyu, jamani. Aliomba moyoni apate jibu moja, lile litakalomruhusu kulirudisha begi ndani. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

"Na hiki?"

Fadhil alivuta pumzi ndefu. Uso wake ulitulia tuli.

"Wallahi, Asmaa, hapana kitu. Hakinuki, hakiwashi, hakichomi. Ni kama kunusa sahani tupu."

Asmaa alifungua leso polepole. Fadhil alipomwona mkewe amelowa mashavu, alimshika mkono.

"Usilie. Umeona sasa kwamba nasema kweli."

"Silii, Fadhil. Alopotewa na pua kwa homa ile ni mimi, nikaona haya kukwambia. Waridi sisikii. Halud sisikii. Hata maziwa hadi niitwe dirishani." Aliliweka bakuli chini na kujifuta uso. "Lakini kitunguu hiki chanitoa matozi, nawe wasema hakiwashi."

Kisha akageukia mlango.

"Baba, tushike ndia."