Kadi ya Chaneli Moja

Fundi kompyuta aliweka juu ya kaunta kadi mbili za kuifanya kompyuta ishike televisheni. "Hii inashika chaneli moja kwa wakati mmoja. Hii inashika mbili. Unatazama mpira, tamthilia inajirekodi."

"Nipe ya moja," alisema Shaweji, bunda la waya mpya wa antena begani. "Kwangu mtazamaji ni mmoja."

"Chukua ya mbili," alisema Riziki, mkewe.

"Nani kakuuliza? Rimoti hushikwa na mwenye nyumba."

Fundi akajitia kupangusa vumbi.

"Sawa, baba watoto," alisema Riziki taratibu. "Basi tukifika umwombe baba yangu ruhusa ya kupanda juu ya paa lake. Mwaka wa nne huu unakaa ukweni."

Waya ulimponyoka Shaweji begani, ukajikunjua sakafuni hadi mlangoni. Hakuinama.