Hodi ya Bi Kazija

Kwenye tamasha la chuo, Ruwaida, mwanafunzi wa akiolojia, aliijenga kwa mwanga wa projekta nyumba ya kale aliyoifukua mwenyewe ardhini. Mfagiaji wa ukumbi, Bi Kazija, akavua kandambili mbele ya kizingiti.

"Hodi!"

Ruwaida akacheka. "Ingia tu, Bi. Hiyo ni picha."

"Watu walikaa humo, mwanangu. Hodi!"

Alipopiga hodi ya tatu, sauti ya mwanamke iliitika kutoka ndani. "Karibu, mama."

Ruwaida akageukia spika. Waya zake zilikuwa hazijachomekwa.

"Wewe pita," sauti ikaendelea. "Lakini huyo aliyezoea kuingia bila hodi asiende popote. Nina maneno naye."

Ruwaida akahisi ubaridi wa sakafu nyayoni. Viatu alivyokuwa amevaa sasa vilikuwa upande wa ndani wa kizingiti, vimepangwa vizuri, kama vya mtu anayelala humo humo.