Nimpunguze Nani?

Lori lilikuwa limeshawashwa, godoro limefungwa juu, na bwana harusi Kitwana ameshapanda mbele. Bibi harusi Mwanahawa alichomoka mbio akaingia studio kwa Shomvi mpiga picha. Siku zote Shomvi alimpenda bila kuthubutu kumwambia.

“Shomvi, ipunguze ile ya harusi umtumie mama kwenye simu. Mtandao wa kule kwao unajivuta, kubwa haifiki.”

“Nimpunguze nani?”

“Picha, wewe!” Akacheka, akampiga begani. Honi ikalia. “Haya, baki salama, kaka yangu.”

Hilo la kaka lilimchoma. Akaifungua picha kwenye kompyuta, akaipunguza nusu. Meno ya Kitwana bado yalimcheka. Akapunguza tena, na tena, mpaka bwana harusi akakosa pua na macho. Ndipo alipoona kuwa Mwanahawa naye hana uso. Yalibaki madoa mawili, jeupe na jeusi, na kila alivyopunguza yalizidi kusogeleana, mpaka hakujua moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Akaituma hivyohivyo.

Mwanahawa alifika salama, na baadaye akajifungua mapacha. Kitwana alinenepa. Mama mtu aliwaonyesha majirani lile doa kwenye simu. “Huyu mwanangu,” alisema, “na huyu mkwe wangu,” kidole kikiwa palepale. Shomvi yuko studio bado. Ile picha kubwa anayo, na hajaifungua tena.