Taa Juu ya Kichwa cha Mshairi

Siku hizi mshairi hasomi hadharani bila taa ya ukweli juu ya kichwa chake. Mstari ukitoka moyoni, taa huwaka kijani. Ukiwa wa kubuni huwaka nyekundu, watu wakacheka kidogo na kuendelea kusikiliza.

Mke wangu Mwanaisha alitaka kusoma shairi la bustani. Mimi ndiye niliyemkataza. "Bustani zimewachosha watu. Soma lile la mjane, lina nguvu." Nyumbani hatuna taa hiyo, nami sikuwa na shaka kwamba ni la kubuni. Mjane gani, na mume nipo?

Basi nikaketi mstari wa mbele, kanzu imenyooka kwa pasi. Alisoma taratibu, bila kunitazama. Alipofika "Kitanda sasa chatosha, usingizi umerudi," nikangoja nyekundu.

Taa ikawaka kijani. Ukumbi mzima ukanigeukia.

Mshereheshaji akakohoa. "Bi Mwanaisha, mumeo si yule pale?"

"Ndiye. Mstari ule nimeubuni tu."

Nyekundu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tuliporudi nyumbani alinimiminia chai, akaketi kando yangu kama kawaida. "Baba Salha, usiyatie moyoni yale. Unajua nakupenda."

Nilimtazama usoni. Kisha, bila kukusudia, macho yangu yakapanda juu ya kichwa chake, yakatafuta kitu darini.

Aliyaona yalikokwenda. Hakurudia kusema.