Viatu Visivyobana

Daktari alibonyeza mguu wa mke wangu kwa kidole gumba, kisha akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, juu kidogo ya kifundo, kama alama kwenye ngozi iliyolowekwa.

Ngozi naijua. Huu ni mwaka wangu wa thelathini nashona viatu.

"Aligundulika na kisukari lini?" daktari aliuliza.

"Tulipimwa siku moja, mimi na yeye. Miaka tisa sasa."

"Na moyo?"

Moyo wangu ulipimwa kila mwaka. Yeye ndiye aliyenikokota kliniki, akanibebea kadi, akanihesabia vidonge. Wake hatukuuliza. Tulidhani moyo ni ugonjwa wetu sisi wanaume.

"Sukari huchosha moyo wa kila mtu, mzee wangu," alisema daktari. "Wa mwanamke ndio zaidi."

Nilivitazama viatu vyeusi vya mke wangu chini ya kitanda. Tangu mwaka jana nimevitia kwenye kalibu, ule mguu wa mbao, mara tatu, nikavitanua, huku nikimtania kwamba raha za nyumbani kwangu sasa zinamnenepesha hadi miguuni. Alikuwa akicheka mpaka anakosa pumzi, nami nikadhani ni kicheko.

Daktari alimwinamia. "Mama, viatu vilianza kukubana lini?"

Nilifungua mdomo. Akaniwahi, akihema, lakini kwa maringo yake yale yale.

"Havijawahi kunibana, daktari. Mume wangu ni fundi."