Kipimo cha Meja Klementi

Haki ya Mungu, kisa hiki ni kweli tupu kuanzia nukta ya kwanza. Atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama punje ya ufuta, kahawa na kashata za kijiwe chetu chote hapa Masoko ni juu yangu.

Wachezaji kumi na wanane wa Likawage walikuwa wamepangwa mstari mmoja juani, mikono nyuma, kama makuruta. Mbele yao alipita Meja mstaafu Klementi, mzaliwa wa huko huko Likawage, mwaka 1965, na sasa Afisa Uadilifu wa Kombe la Korosho, la vijana chini ya miaka kumi na saba. Kila aliyemfikia alimtazama kidevu, koo na magoti.

"Vijeba hawanipiti," alisema. "Jeshini nimekagua bunduki miaka thelathini. Nitashindwa kukagua mtu?"

Wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye aliiomba kazi hii kwa mkono wake, na kwa misimu minne alikuwa ameng'oa watu wazima ishirini na saba waliojifanya watoto, mmoja wao akiwa na mke na mapacha. Hakunywa soda ya mtu. Hata kijijini kwao hakukanyaga tangu alipoondoka kwenda jeshini. Kukiwa na jambo, aliandika barua. Watu wakasema huo ndio uadilifu, mtu hataki kupendelea kwao.

Mwisho wa mstari alisimama Pazi, mshambuliaji. Kituo kimoja cha soka cha Dar kilikuwa kimeshamtengea kitanda na shule. Ilibaki saini ya Meja tu. Akiikosa, ni kurudi kupalilia ufuta wa watu. Na akionekana kijeba, ni kufungiwa maisha.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na sita, afande."

"Na hizo ndevu?"

"Za ukoo, afande. Hata shangazi anazo."

Mstari mzima ukacheka. Meja hakucheka.

Kocha Faustino akasogea na bahasha. "Meja, cheti si hiki hapa? Kina muhuri. Unataka nini tena?"

"Muhuri unachongwa, mwalimu."

Kipimo cha mifupa, cha kujua umri, kiko Dar, na foleni yake si ya mchezo. Meja alikuwa na kipimo chake, kisichotaka umeme wala daktari. Asubuhi ile alikuwa amepita sekondari moja pale Masoko, akaangalia jalada la mwanafunzi wa bweni aitwaye Antonia, tumbo moja na Pazi. Miaka kumi na minane, haina ubishi. Akamwombea ruhusa. Akamwambia tu kwamba kaka zake wa Likawage wamekuja kucheza.

Sasa akainua mkono. Geti likafunguliwa, na Antonia, ambaye hakuwa ameonana na mtu wa kwao tangu Januari, akaja mbio sketi ikipepea.

"Shikamoo, Pazi!"

"Marahaba, Anto! We, umenenepa!"

Pazi akaufunika mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Wa miaka kumi na sita," Meja akasema taratibu, "anaamkiwa na wa kumi na minane. Na anaitikia."

"Labda kamwamkia kwa heshima ya ufungaji bora," Faustino akajaribu.

"Wewe mgeni kule, mwalimu. Kwetu Likawage cheo hakiamkiwi. Hata waziri akija, tunaangalia umri. Karatasi itadanganya, mtu atadanganya, ila marahaba humtoka mtu kabla akili haijaamka."

Antonia alipoelewa alichokifanya, alikaa chini palepale kwenye mchanga. "Babu, nisamehe. Sikujua. Nifukuze mimi shule, yeye mwache aende."

"Sheria haina babu, mwanangu."

Akaweka fomu kwenye boneti ya gari, akaandika: *Kufungiwa maisha. Timu kuondolewa.* Akasaini. Nakala akampa Faustino, ambaye aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea maiti ya kichanga.

Pazi alivua viatu, akavifunga kamba pamoja na kuvilaza kando ya mguu wa Meja. "Si vyangu hivyo," alisema. "Vya kuazima. Atakayecheza apewe." Akaenda peku kwenye lori lililowaleta, wenzake wakimfuata. Hata kipa, mpiga domo wa timu, alikuwa anaangalia vidole vyake.

Meja akageukia boneti tena kujaza sehemu iliyobaki: jina la afisa, cheo, tarehe ya kuzaliwa.

Ndipo mlango wa mbele wa lori ukafunguliwa. Alishuka babu yao Pazi na Antonia, aliyesinzia humo tangu walipofika, miguu mibovu, shingo imekakamaa kwa safari. Mzee Uhuru. Likawage nzima inajua kwa nini anaitwa hivyo: mama yake alimzaa siku ile ile bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, mwaka 1961.

Alimtazama mjukuu wake asiye na viatu. Akamtazama Antonia mchangani. Kisha akauona ule mgongo ulioinamia boneti, akautazama kwa muda mrefu. Sote tuliokuwa tukitazama pale tulijua anakwenda kupiga magoti.

Hakupiga. Alivua kofia, akasimama nyuma ya Meja, akainamisha kichwa kama mtoto.

"Shikamoo, kaka Klementi."

"Marahaba," akajibu Meja, kalamu ikiendelea kuandika.

Kalamu ikasimama.

Haya, haya, nimekamatwa, msinipigie kelele. Pale juu niliandika Meja kazaliwa 1965. Muuza kahawa, wamiminie wote, nalipa mimi.