Meza ya Mzee Aliyepona

Mgongo wangu ulikuwa umekataa kufanyia kazi kitandani tena, laptopu mapajani, kwa hivyo nilimwomba fundi seremala wa Elburgon meza yoyote ya bei ya chini.

"Chukua hii, madam, nusu bei. Mbao zilikuwa za jeneza. Kijana fulani alimwagizia babake, halafu mzee akapona."

Nikacheka, pamoja na uchovu wangu wote.

Tulipoipindua kuifunga kwenye pikipiki, niliona wino mweusi upande wa chini: Muiruri, futi sita.

Hilo ni jina la baba. Na nina kaka mmoja tu.

Nilisugua kwa kidole na mate. Haukutoka.

Nyumbani, baba alinipokea mlangoni, bado amekonda tangu hospitali.

"Hii haitapita mlangoni hivi," akasema, akiipima meza kwa macho. "Shika huko, tuipindue."